Tochi Iliyotaka Kujua Ulipo: Uchambuzi wa Kisa cha Brightest Flashlight

Tarehe 5 Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, inayojulikana zaidi kwa herufi zake FTC, ilitangaza kuwa imefikia makubaliano na Goldenshores Technologies, kampuni ndogo ya jimbo la Idaho. Wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo, ingawa bidhaa yake walikuwa nayo mfukoni. Bidhaa yenyewe ni Brightest Flashlight Free, programu ya bure ya simu za Android ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kuwasha taa. Ilikuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni. Tume ilidai kuwa tochi hiyo, huku ikimulika, ilikuwa inatuma mahali hasa simu ilipo, pamoja na namba ya kuitambulisha simu, kwenda kwa kampuni nyingine zikiwemo za matangazo, na mwenye simu hakuambiwa.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya kampuni moja iliyosema uongo ikabanwa. Usomaji huo ni sahihi ila unaishia mlangoni. Ukiingia ndani unakuta kuwa uongo ulikuwa kipande kidogo. Sehemu kubwa ya yaliyotendeka iliruhusiwa na mfumo wa simu wenyewe, ikaja kurekebishwa baadaye kwa matoleo mapya ya mfumo huo. Na simu ya zamani haipati toleo jipya. Kwa hiyo mtu mwenye simu ya miaka ile, iwe yake, ya mtoto au ya mzazi, bado anaishi ndani ya kisa hiki hata kama hajawahi kuisikia tochi yenyewe.

Taa bila swichi

Tuanze na swali la kitoto: kwa nini simu yenye taa ilihitaji programu ya kuwasha taa?

Ile taa ndogo ya nyuma haikuwekwa kwa ajili ya kumulika njia. Iliwekwa kuisaidia kamera gizani. Ndani ya Android, basi, taa ilikuwa mali ya kamera, na aliyetaka kuiwasha ilimbidi apitie kwa mwenyewe. Kuanzia Android 2.0 ya mwaka 2009 waandishi wa programu walipewa amri ya kuifanya fleshi iwake mfululizo badala ya kumweka mara moja na kuzima. Mwenye simu hakupewa kitu. Kwa Apple mambo hayakuwa tofauti sana: iPhone 4 ya mwaka 2010 ndiyo iPhone ya kwanza kuwa na fleshi, lakini kitufe cha tochi kilifika na iOS 7, toleo la mfumo wa simu za Apple, Septemba 2013. Miaka mitatu taa ipo, swichi haipo.

Pengo hilo likazaa utitiri wa programu za tochi, na sipendi kuzidharau. Kuandika tochi ya simu moja ni kazi ya mchana mmoja. Kuandika tochi inayokubali kwenye simu za kila kampuni ni habari nyingine. Kuna simu zilizowaka pindi amri ilipotolewa. Nyingine ziligoma mpaka kamera ianze kuonyesha picha kwenye skrini, ndiyo maana baadhi ya tochi zilificha pembeni dirisha la kamera lenye ukubwa wa nukta moja, lisiloonekana kwa macho. Tena kamera ilikuwa ya programu moja kwa wakati. Tochi ikiishikilia, programu ya kupiga picha haifunguki. Tochi ikikwama bila kuiachia, kamera inabaki imefungwa mpaka tochi ile izimwe kabisa au simu iwashwe upya. Aliyetumia simu hizo anaukumbuka ule ujumbe wa kuudhi kwamba simu imeshindwa kuunganishwa na kamera. Bado hujafika kwenye simu zisizo na fleshi kabisa, ambazo tochi yao ilikuwa skrini nyeupe iliyopandishwa mwanga hadi mwisho na kuzuiwa isilale.

Mtu aliyeketi akajaribu yote hayo, simu hadi simu, alifanya kazi ya kweli. Alistahili kulipwa, na watumiaji hawakuwa tayari kulipia swichi. Hapo ndipo matangazo yalipoingilia.

Lakini kabla ya matangazo kuna jambo ambalo nadhani uchambuzi mwingi hulipita haraka. Kwa kuwa taa ilikuwa ya kamera, kila tochi, hata ya mwandishi mwaminifu kuliko wote, ililazimika kuomba ruhusa ya kupiga picha na kurekodi video. Mtu anasakinisha tochi, anaona inataka kamera, anashtuka, anauliza, anaambiwa ni kawaida. Na ilikuwa kawaida kweli. Watu walizoeshwa kwamba tochi huomba vitu vya ajabu na kwamba mwenye hekima hukubali. Aliyekwisha kuipa tochi kamera atashtukaje ikimwomba na mahali alipo? Kwenye orodha ile ombi la haki na ombi la hila yalivaa sare moja.

Nitoke njiani kidogo. Julai 2010 Apple iliruhusu dukani kwake tochi iitwayo Handy Light, kisha ikaiondoa upesi ilipogundulika kuwa ndani yake mlifichwa uwezo wa kugawia kompyuta intaneti ya simu, jambo lililokuwa halikubaliki bila mpango maalumu. Pale siri ilimfaa mwenye simu. Mkaguzi aliyeipitisha aliona tochi akaona inatosha, nani apoteze muda kuichunguza? Ndivyo na sisi tulivyofanya kwa miaka.

Kubali yote au acha

Kabla ya Android 6.0, ruhusa zilitolewa mara moja tu, wakati wa kusakinisha. Ulionyeshwa orodha, na chini yake kitufe kimoja cha kukubali. Hukuweza kusema: kamera chukua, mahali nilipo hapana. Uliichukua programu na yote iliyoyataka au uliiacha. Ukishakubali, hapakuwa na pa kurudi isipokuwa kuifuta.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni jinsi matangazo yalivyowekwa ndani. Mwandishi wa programu ya bure hakwenda kutafuta watangazaji mmoja mmoja. Alichukua kifurushi cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa, kutoka kampuni ya matangazo akakishonea ndani ya programu yake. Na Android hutoa ruhusa kwa programu nzima, haitenganishi msimbo wa mwandishi na msimbo wa mgeni wake. Programu ikipewa mahali ulipo, kifurushi cha matangazo kimepewa pia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilishonwa kabisa kwenye pindo. Tena kuna mwandishi ambaye mwenyewe hakuhitaji kujua ulipo hata kidogo, ila aliiomba ruhusa hiyo kwa niaba ya mgeni, kwa kuwa tangazo linalojua mtazamaji yuko wapi lina thamani zaidi kwa mtangazaji.

Cha tatu ni namba ya utambulisho. Leo simu ya Android ina namba maalumu ya matangazo ambayo mwenye simu anaweza kuibadilisha, na Google ilianza kuwalazimu wanaotangaza kupitia duka lake kuitumia kuanzia tarehe 1 Agosti 2014. Kabla ya hapo kampuni za matangazo zilitumia namba za kudumu: ile ambayo Android huipa simu inapoanzishwa na haibadiliki mpaka simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, au hata IMEI, namba ya kifaa chenyewe, ambayo haibadiliki kabisa. Mahali peke yake ni nukta kwenye ramani. Mahali pamoja na namba ya kudumu, siku baada ya siku, ni mwenendo wa mtu: pale anapolala, pale anaposhinda. Na fikiria tochi huwashwa saa ngapi na wapi. Usiku, nyumbani.

Yote haya yalikuwa wazi kwa mfumo wa simu na hayakuvunja kanuni yoyote ya usakinishaji. Mwenye simu alionyeshwa orodha, akabonyeza. Kwa macho ya Android, ridhaa ilikuwepo.

Madai mawili ya Tume

Tume haikuishitaki Goldenshores kwa sababu tochi haina haja ya kujua mtu yuko wapi. Sheria iliyotumika ni ile inayokataza biashara kwa udanganyifu, na udanganyifu unahitaji pawepo na maneno yaliyopotosha. Maneno hayo yalipatikana sehemu mbili.

Ya kwanza ni sera ya faragha. Iliwaambia watumiaji kwamba taarifa zinazokusanywa zitatumiwa na kampuni yenyewe. Haikutaja kwamba mahali simu ilipo na namba yake vingepelekwa kwa wengine, zikiwemo kampuni za matangazo. Dai hili ni la kawaida katika mashauri ya aina hii, na tusingelizungumza sana leo kama lingekuwa peke yake.

La pili ndilo linalonivutia. Mtu alipoifungua tochi kwa mara ya kwanza alionyeshwa masharti ya matumizi, na chini yake vitufe viwili: kubali na kataa. Kwa mujibu wa Tume, hata kabla mtu hajabonyeza chochote programu ilikuwa imekwisha kukusanya na kutuma taarifa, mahali na namba ya simu vikiwamo. Aliyekubali na aliyekataa walikuwa wametendewa sawasawa. Tume ilikiita kitendo hicho kumpa mtu uchaguzi wa uongo.

Wasomaji wengi huchukulia kwamba hapo lazima palikuwa na mtu aliyekaa kupanga ujanja. Inawezekana. Ila kiufundi jambo hilo hutokea hata bila kupangwa, na ndiyo sababu linatisha zaidi. Kifurushi cha matangazo kwa kawaida huanzishwa programu inapofunguka, ili tangazo liwe tayari mapema. Dirisha la masharti ni mchoro unaotandazwa juu ya programu ambayo chini yake imeshaanza kazi. Mwandishi asipofunga mlango kwa makusudi, yaani asiposema msimbo huu usianze mpaka kitufe cha kukubali kibonyezwe, utaanza. Kitufe cha kukataa kinakuwa pambo. Nikiona leo programu ndogo inanitandazia masharti mara tu inapofunguka, najiuliza nyuma ya pazia kumekwisha kutendeka nini.

Kwa hiyo katika kisa kimoja kulikuwa na ridhaa mbili zilizogongana. Ridhaa ya simu, iliyotolewa wakati wa kusakinisha, ilisema ruksa. Ridhaa ya maneno, iliyoahidiwa kwenye masharti, ilisema subiri kwanza. Programu ilifuata ya kwanza, Tume ikaihukumu kwa ya pili. Kama Goldenshores wasingeweka kile kitufe cha kukataa, na wangeandika kwa herufi ndogo aya ya kumi na kitu kwamba mahali pako patapelekwa kwa watangazaji, sioni kesi ingesimama wapi. Tochi ile ile, taarifa zile zile, lakini bila uongo.

Amri na mipaka yake

Makubaliano yalithibitishwa rasmi Aprili 2014. Kampuni ilikatazwa kupotosha watu kuhusu namna inavyokusanya na kugawa taarifa zao na uwezo walio nao juu yake. Ilitakiwa kufuta taarifa ilizokuwa imekusanya kupitia tochi hiyo. Na kuanzia hapo, kabla ya kuchukua mahali mtu alipo, ilitakiwa imwambie papo hapo, nje ya sera ndefu ya faragha, kwamba inachukua nini, lini, kwa nini na inampa nani, kisha ipate jibu lake la wazi. Faini haikuwepo.

Wengi walilalamika kwamba adhabu ilikuwa nyepesi. Mimi nadhani sharti lile la kumwambia mtu papo hapo lilikuwa zito kuliko faini, maana lilieleza ruhusa inavyopaswa kuwa: iulizwe pale inapohitajika, kwa sentensi moja, na jibu la hapana liheshimiwe. Udhaifu wake ni kwamba lilimfunga mtu mmoja. Tochi nyingine zilizokuwa kwenye foleni ileile dukani hazikuguswa, wala kanuni ya kubali yote au acha haikuguswa.

Na hapa kuna mkasa ambao nikiusimulia watu hudhani nimeutunga. Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, ilikuja na ukurasa uliofichwa uitwao App Ops. Ulikuwa na swichi za kila ruhusa kwa kila programu. Mtu aliyejua kuufikia aliweza kuiachia tochi kamera na kuinyima mahali. Desemba 2013, siku chache baada ya tangazo la Tume, Android 4.4.2 ikatoka na ukurasa huo haumo tena. Shirika la kutetea haki za kidijitali la Electronic Frontier Foundation lilipouliza, Google ilijibu kwamba ulikuwa umetolewa kwa bahati mbaya, ni wa majaribio, na ungeweza kuvuruga programu nyingine. Pengine ni kweli kabisa. Lakini tazama mwezi ulivyopangika: mwanzoni mwake serikali inamkaripia mwenye tochi kwa kutompa mtu nafasi ya kukataa, na kabla haujafika katikati nafasi ya kukataa inang'olewa kwenye simu.

Kilichoitibu tochi

Tiba ilipokuja ilikuja kwa mikupuo miwili. Android 5.0 ya mwishoni mwa 2014 iliweka kitufe cha tochi kwenye mipangilio ya haraka, pale unapovuta pazia la juu. Pengo lililozaa zile programu likazibwa kwa kitufe kimoja. Kisha Android 6.0 ya mwaka 2015 ikafanya mambo mawili: iliitenga taa na kamera, hivyo mwandishi wa tochi aliweza kuiwasha bila kuomba ruhusa ya kamera, na ikaanza kuuliza ruhusa nyeti wakati wa matumizi, moja moja, na swichi ya kuzirudisha. Ule ukurasa ulioondolewa ukarudi kwa mlango wa mbele.

Hayo ni mazuri, ila yana kasoro mbili ambazo mtumiaji wa simu ya makamo anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni intaneti. Katika mpango mpya, ruhusa ya kutumia intaneti iliwekwa katika kundi la zile za kawaida, zinazotolewa kimya kimya bila kuuliza na bila swichi ya kuzima. Zamani iliandikwa wazi kwenye orodha ya kusakinisha. Ukiniuliza mimi, kwa programu ndogo kama tochi, rula, dira au kikokotoo, hiyo ndiyo ruhusa ya kwanza kuitazama, maana programu isiyoweza kutoka nje ya simu haina njia rahisi ya kupeleka habari zako popote, hata ikizijua zote. Mpango uliokuja kutulinda uliifunika.

Ya pili ni programu za zamani ndani ya simu mpya kidogo. Kila programu ya Android hutangaza imeandikwa kwa ajili ya toleo gani. Inayotangaza toleo la kabla ya 6.0 hutendewa kwa utaratibu wa kale: inapewa ruhusa zote wakati wa kusakinisha, hata kwenye simu iliyo juu ya 6.0, mpaka mwenye simu aende mwenyewe kwenye mipangilio akazizime. Wahalifu waliligundua hilo, wakawa wanaandika programu mpya zinazojifanya kongwe. Ilichukua hadi Android 14, mwaka 2023, mfumo kukataa kusakinisha programu za namna hiyo. Miaka minane mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa aliyejua kuvaa kizee.

Tochi zenyewe je, zilikufa? Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Avast ilikagua programu za tochi 937 zilizokuwa, au zilizowahi kuwa, kwenye duka la Google. Kwa wastani kila moja iliomba ruhusa 25. Kulikuwa na 262 zilizoomba kati ya 50 na 77. Huo ni mwaka wa tano tangu simu ziwe na kitufe chake. Maelezo yangu ni haya: programu ya tochi ilipopoteza kazi ya kumulika, waandishi wengi waaminifu waliondoka, kwani hapakuwa tena na sababu ya kuhangaika. Waliobaki ni ambao taa haikuwa biashara yao. Kadiri pengo la kweli linavyoziba, ndivyo wanaobaki kulihudumia wanavyozidi kutia shaka, na wateja wao ni wawili tu: mwenye mazoea, na mwenye simu ambayo kitufe hakijawahi kuifikia.

Anayebaki na toleo la nne

Chukua simu yenye Android 4 na kitu. Betri bado inakaa, skrini haijapasuka, inapiga na kupokea. Inahitaji tochi. Hali yake leo ni ngumu kuliko mwaka 2013, kwa kuwa programu zinazosasishwa zimeiacha nyuma na maduka nayo yanaifungia. Simu kongwe zaidi, za Android 2.3.7 kushuka chini, zilizuiwa kuingia kwa akaunti ya Google tangu tarehe 27 Septemba 2021, na bila akaunti hakuna duka. Mwenye simu anaishia kutafuta faili la programu huku na huko, na mahali pa ovyo pa kupakulia ni pengi. Shauri la kawaida, kwamba anunue simu nyingine, silipingi, ila silo lililoulizwa.

Ningemshauri kwanza asitafute programu. Amulike miguuni pake: baadhi ya watengenezaji, Samsung miongoni mwao, waliweka tochi yao wenyewe kwenye simu za wakati ule kama wijeti ya kuburutwa hadi kwenye skrini ya mwanzo, na watu wengi walikaa na simu miaka mingi bila kuiona. Bonyeza na kushikilia mahali patupu kwenye skrini, au fungua ukurasa wa wijeti ulio kando ya orodha ya programu, upekue zote.

Kama haipo, na tayari kuna tochi iliyosakinishwa, aikague. Aende kwenye mipangilio, orodha ya programu, aiguse tochi, ateremke hadi chini kabisa. Orodha ya ruhusa iko pale. Kwenye Android 4 hatakuta swichi, ni kusoma tu. Kamera ni halali, na sasa tunajua sababu. Kuzuia simu isilale ni halali. Mahali, kusoma hali ya simu, anwani za watu: hapana. Intaneti ikiwepo, basi tochi ina matangazo au ina jambo jingine, na tiba iliyopo ni kuifuta. Wengine hushauri kuwasha hali ya ndegeni kabla ya kuwasha tochi. Inasaidia kuthibitisha kwamba mwanga hauhitaji mtandao, ila taarifa iliyokusanywa inaweza kusubiri ndani mpaka mtandao urudi.

Badala yake kuna tochi zisizoomba intaneti kabisa. Hazisumbui kuzitambua: faili lake ni dogo mno, na msimbo wake mara nyingi uko hadharani. F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010, huonyesha ruhusa za kila programu kabla hujaipakua na huandika inahitaji Android ya toleo gani. Faili linaweza kupakuliwa kwa kompyuta na kunakiliwa kwenye simu. Kwenye Android 4 kusakinisha faili la namna hiyo kunadai kuwasha swichi ya vyanzo visivyojulikana, na swichi hiyo ni ya simu nzima, si ya programu moja kama ilivyo tangu Android 8.0. Ikishatumika izimwe. Wanaosahau ni wengi, na simu inabaki mlango wazi.

Suala la kusasisha lina utata wake. Tumefundishwa kusasisha kila kitu, na kwa kivinjari au programu ya ujumbe nakubali bila kusita. Kwa tochi isiyotoka nje ya simu nashauri kinyume: ikifanya kazi, iache ilivyo, zima kusasisha kwa kujiendesha. Desemba 2020 programu moja ya kusoma misimbopau, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 10 na iliyokuwa imetumika miaka mingi bila tatizo, ilipata sasisho likaigeuza kuwa ya kufungua matangazo kwenye kivinjari bila mwenye simu kugusa kitu. Kampuni ya usalama ya Malwarebytes iliiripoti Februari 2021. Waliodhurika ni wale waliofanya walivyofundishwa.

Na kama hayo yote ni kazi kubwa, simu nyingi za enzi ile zina njia isiyohitaji kusakinisha chochote. Fungua kamera iliyokuja na simu, hamia kwenye video, bonyeza alama ya radi mpaka fleshi iwe imewashwa. Taa inawaka na kubaki inawaka, kwenye simu nyingine hata kabla ya kuanza kurekodi. Inakula chaji kuliko tochi ya kawaida kwa sababu skrini na kamera vinafanya kazi pamoja, na baada ya dakika chache kamera hujizima yenyewe ili kuokoa betri, hivyo itabidi uiguse tena.